Kipimo cha sindano kwa mitoki ya watoto: kizuri, ila kisiachiwe kazi yote

Unguja na Pemba, mtoto mwenye mtoki shingoni usiopoa mara nyingi huanziwa na kipimo cha sindano. Kwa tathmini yetu ni huduma nzuri: ya haraka, haina nusukaputi kwa watoto wengi, haiachi kovu. Tatizo linaanza majibu yanaposomwa.

Si kila mtoto anakihitaji. Mtoki usiofika sentimita 1, laini, unaoteleza chini ya kidole, kwa mtoto mwenye mafua, mapunye au jino bovu: tibu chanzo, utazame wiki 4. Usiuchue. Lakini uvimbe juu ya mtulinga haungojewi hata ukiwa mdogo, wala ule uliopita sentimita 2 na bado unakua, mgumu, umeganda, au mtoto ana homa, jasho la usiku na anakonda.

Sindano ni nyembamba, namba 22 hadi 25, huingizwa mara 2 au 3, na kinachotoka hupakwa kwenye vioo. Vioo vya kutiwa spiriti vitiwe papo hapo. Vikichelewa, seli hukauka na hazisomeki. Jibu la "seli hazitoshi" maana yake kipimo kirudiwe, si kwamba mtoto mzima. Na hili husahauliwa sana: sehemu ya majimaji iende kwenye mashine ya GeneXpert, inayotambua vimelea vya kifua kikuu, bila formalini (dawa ya kuhifadhia nyama), kwani kifua kikuu hupenda tezi za shingo. Uvimbe wa kifua kikuu ukipasuliwa kama jipu, unaweza kuacha kidonda kinachochuruzika kwa miezi.

Sasa mpaka wake. Sindano huleta seli chache zilizotawanyika, na limfoma, yaani saratani ya tezi za limfu, hasa aina ya Hodgkin, hutambulika kwa kuona tezi ilivyopangika. Kwa hiyo "hakuna saratani" ya sindano haifungi faili. Mtoki ukiendelea kukua, daini tezi itolewe nzima. Kipande kibichi kibakishwe kwa GeneXpert, kilichobaki kitiwe formalini ya asilimia 10, ujazo mara 10 ya nyama. Kabla ya hapo mtoto asipewe predinisoloni, dawa ya steroidi: uvimbe hunywea, mzazi akashukuru, kumbe dawa imefuta alama ambazo mpimaji angezisoma.

Taya likivimba kwa kasi na meno kulegea, au tumbo likijaa ghafla, fikirieni limfoma ya Burkitt. Seli zake huweza kuongezeka maradufu ndani ya siku 1 hadi 2, hivyo hakuna nafasi ya kujaribu antibiotiki moja baada ya nyingine. Rufaa ya Muhimbili, Dar es Salaam, kwenye huduma ya saratani za watoto, iandikwe siku hiyo hiyo. Mkipanda boti bebeni majibu, vioo na kitalu cha nta chenye nyama ya mtoto; bila hivyo huenda akakatwa mara ya pili.