CCTV ya dukani ikienda mahakamani: klipu ya WhatsApp au faili lenyewe toka kwenye DVR (mashine inayorekodi video za kamera)?

Wenye maduka wa Kilombero na Arusha mjini kwa ujumla, mwizi akinaswa na kamera kitu cha kwanza watu wanarekodi skrini kwa simu halafu wanarusha WhatsApp, ni chap na mtaa mzima unamjua, kwa kumtafuta mtu sina neno. Ila kwa kesi mi nasema hapana kabisa. WhatsApp inabana video, sura inakuwa ukungu ukungu, namba ya bodaboda haisomeki tena, na taarifa za ndani ya faili zinapotea.

Faili la DVR linasumbua, kweli. Mara nyingi linatoka kwa fomati ya kampuni na halifunguki bila pleya yake, na diski ikijaa mashine inafuta za zamani yenyewe, kwa hiyo litoeni mapema jamani. Lakini ndo lenye nguvu: fundi analipigia hashi ya SHA-256, yaani kama alama ya kidole ya faili, herufi na tarakimu 64, ukigusa hata kitu kidogo tu ndani yake hashi inakuwa nyingine kabisa. Kugeuza kuwa MP4, kuongeza mwanga, kupunguza kelele kwenye sauti, vyote vifanyike kwenye nakala na kila hatua iandikwe. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inataka mahakama iangalie ushahidi umetunzwaje, sasa klipu iliyozunguka magrupu yote utaitetea vipi? Na namba ambayo kamera haikuinasa hakuna programu ya kuirudisha, akili mnemba itabuni tu.