Kisu cha springi ya Land Rover: miezi minane porini

Nianze na bei, maana ndiyo mtakayouliza: elfu tisini, pamoja na ala. Mke wangu aliposikia aliuliza kama kina injini. Kisu cha jikoni unakipata sokoni kwa elfu tatu, sibishi. Ila mimi ni mfugaji nyuki, msimu wa mavuno nalala porini huku Sikonge wiki mbili hadi tatu, na visu vya elfu tatu nimevizika vingi. Cha mwisho kilikuwa cha kukunja, kizuri kwa macho. Nilikuwa nabandua mfuniko wa mzinga ulioshikwa na gundi ya nyuki, pini yake ikachomoka, kikanikunjikia vidoleni. Kovu ninalo.

Safari hii nikaenda kwa mhunzi wa mtaani pale Tabora mjini. Asili yake ni Mrongo wa upande wa Geita, kabila la wafua majembe tangu enzi za mababu, na hilo atakwambia hata usipomuuliza. Nilijiandaa kumtajia urefu na upana, hakutaka kusikia. Alinipa bonge la udongo mbichi akasema, "Kamata, mdogo wangu, kama unavyokamata kisu ukiwa umechoka." Nikakamata. Akalianika juani, na mpini wangu umechongwa kwa kufuata lile bonge. Hadi leo kidole cha shahada kinaingia kwenye kibonde chake chenyewe, hata gizani.

Chuma ni springi ya Land Rover kuukuu, ile ya mabamba. Chuma cha namna hiyo huwa na kaboni kama asilimia 0.5 hadi 0.6: kinakubali kukomaa kikashika makali, lakini hakivunjiki ovyo ukikitwanga. Siku ya kukikomaza nilikuwepo, na nawashauri muombe kuwepo. Alikuwa na sumaku ya spika ya redio iliyofungwa kwenye waya. Chuma kikifika joto lake sumaku haikishiki tena. Akagusa mara ya kwanza, ta! ikanata. Akavukuta tena, akagusa, ikapita kama imegusa jiwe. Hapo hapo akakizamisha kwenye kopo la mafuta ya kupikia, pakanuka banda la chipsi. Kilipopoa akapitisha tupa kwenye makali; ikateleza bila kuacha alama, akacheka peke yake.

Kwa hali hiyo kingekuwa kigumu mno, kingemeguka kama chupa. Kwa hiyo akaking'arisha kwa msasa, akakilaza mgongo chini kwenye ukingo wa makaa, tukakaa kukitazama. Rangi zikaanza kutembea kutoka mgongoni: buluu ikiwa nyuma ya zambarau, na zambarau nyuma ya kahawia. Ile ya mbele kabisa, ya majani makavu, ilipofika kwenye makali tu, akakitoa. Mgongo umebaki laini kidogo, makali ndiyo magumu. Hakuna kipimajoto pale, ni macho ya mtu.

Bapa lina sentimita 11, unene wa mgongo milimita 4 na ushee. Msuka, yaani mkia wa chuma unaoingia kwenye mpini, unakwenda mpaka mwisho wake, unauona ukimeta katikati ya vipande viwili vya mpingo vilivyopigiliwa kwa misumari ya shaba. Fundi aliacha kiutepe cheupe cha mpingo upande mmoja, kama kosa hivi. Nadhani alikusudia.

Kazini sasa. Napasua kuni kwa kukigonga mgongoni kwa rungu, hakijatikisika. Magome ya miyombo ya kutengenezea kamba kinayabandua mkanda mzima bila kukatika. Pembe za mgongo ni kali, nikikwangua kile kijiti cha chuma cha kuwashia moto cheche zinamwagika. Nakinoa kwenye jiwe la mtoni mara moja kwa wiki, basi.

Jikoni hakifai. Unene ule unapasua nyanya badala ya kuikata. Na kutu ni ugomvi wa kila siku: usiku wa kwanza nililala nacho kikiwa na asali, asubuhi kilikuwa na madoa meusi ambayo hayajatoka hadi leo. Asali ina asidi, na mimi mfugaji nyuki ndiye nilipaswa kujua. Siku hizi nakifuta, nakipasha kidogo motoni, nakipaka nta. Nta ya kwangu mwenyewe, hainigharimu kitu.

Malalamiko ninayo mawili. Aliniahidi wiki mbili, nikasubiri sita, kila nikipiga simu naambiwa makaa yamelowa. La pili ni ala. Ngozi ni nzuri, ya ng'ombe, nene, lakini imeshonwa ukingo kwa ukingo bila kuwekewa kipande cha ngozi katikati cha kuulinda uzi. Mwezi wa tatu makali yakaula mshono, ncha ikachungulia nje na kunitoboa suruali. Mkiagiza, mwambieni fundi mapema. Yangu nimempelekea mshona viatu wa stendi, kaitia hicho kipande na uzi mpya kwa elfu tano. Binamu yangu ameshakiazima mara mbili, mara ya pili nilikifuata mwenyewe hadi kwake.