Syncthing steshenari kwangu: miezi minane bila flashi

Kaunta nina laptopu ya Ubuntu (aina ya Linux), chumba cha nyuma kompyuta ya Windows na printa mbili. Zamani kazi ya mteja ilisafiri kwa flashi: kijana wangu anachomeka, anachomoa, anakimbilia nyuma, na virusi navyo vinapanda bila nauli. Siku hizi natumia Syncthing, programu inayoweka folda sawa kwenye kompyuta zote: akihifadhi faili kwenye folda ya KAZI, nikihesabu kumi na kitu, mimi huku nyuma nimeshalipata. Ni bure, na kwa kuwa kompyuta zote ziko kwenye ruta moja, bando haliguswi.

Hiyo kumi si uzembe. Syncthing haishindi ikipekua folda. Mfumo wa kompyuta ndio unaoinong'oneza kwamba faili fulani limeguswa. Halafu inangoja sekunde 10, maana kuna watu, kijana wangu akiwemo, wanaobonyeza "hifadhi" kila baada ya neno. Ukifuta faili inaongeza dakika nzima ya kusubiri. Mimi sikujua, nikawa nafuta tena na tena kwenye mashine zote mbili kama mtu anayefukuza nzi.

Kilichonitoa jasho ni Ubuntu. Kila mteja ana folda yake, na ndani yake folda nyingine: picha za pasipoti, vyeti, kadi za harusi. Wiki ya pili likaja onyo kwamba imeshindwa kufuatilia folda. Kumbe Linux inataka mlinzi, yule wa kunong'oneza, kwa kila folda, hadi ile ndogo kabisa, na kwenye laptopu yangu ya zamani walinzi wote ni 8,192 kwa mtumiaji mmoja, tena programu nyingine nazo zinachota humo humo. Windows inaweka mlinzi mmoja getini, anaona nyumba nzima. Dawa ni mstari mmoja ndani ya /etc/sysctl.conf:

fs.inotify.max_user_watches=204800

Kisha kwenye dirisha la amri andika sudo sysctl -p, basi. Wenye kernel (kiini cha Linux) 5.11 ya mwaka 2021 kuja juu, kikomo hupangwa kwa kuangalia RAM, kwa hiyo huenda msikutane na kero hii kabisa.

Hasara niliyopata ni ya kujitakia. Folda moja niliiweka kwenye diski ya mtandao, yaani ile inayofunguliwa na mashine zote kupitia ruta, nikaipa Syncthing ya laptopu iilinde. Mama mmoja akaleta ratiba ya mazishi. Kijana akasahihisha muda wa ibada kwa mashine nyingine, moja kwa moja kwenye ile diski. Mimi nikachapa nakala 80.

"Mwanangu, ibada ni saa tisa. Hapa mmeandika saa saba."

"Samahani sana mama, naomba nusu saa tu."

Nilichapa upya kwa karatasi zangu. Mabadiliko yanayofanywa na mashine nyingine kwenye diski ya mtandao hayamfikii mlinzi wa laptopu yako. Yanasubiri upekuzi wa jumla, pale Syncthing inapopitia folda yote yenyewe, nao kwa kawaida huja kila baada ya sekunde 3600, yaani saa nzima. Folda zote nimezirudisha kwenye diski za ndani, kila mashine na nakala yake.

Washeni pia utunzaji wa matoleo ya zamani, umeniokolea kadi mbili za harusi. Na mkiona faili lenye "sync-conflict" na tarehe kwenye jina, msilifute kwa hasira: watu wawili wamehariri kitu kimoja, na la mmoja wao ndilo hilo.

Kwa simu sikupendezwa. Programu rasmi ya Android ilisitishwa mwishoni mwa 2024. Natumia Syncthing-Fork, na bila kuiruhusu ifanye kazi chinichini, simu inailaza. Picha za wateja wa WhatsApp bado kijana anazihamisha kwa waya.