Darasa la prompti: elfu hamsini zangu na saa nane za usiku

Jumamosi nzima nimeacha meza yangu ya vitenge Mtaa wa Kongo, Kariakoo, nikalipa elfu hamsini, nikafundishwe kuiandikia ChatGPT, ile mashine ya kujibu na kuandika, "prompti", yaani maelekezo ya unachotaka, kwenye chumba chenye feni moja huko Sinza. Darasa la nani, sisemi. Wanajijua.

Asubuhi yote kunakili tu: "Wewe ni mtaalamu wa masoko mwenye uzoefu wa miaka 20..." Mwalimu anasoma, sisi tunachapa. Sawa.

Ikafika zamu ya kujaribu. Nina wateja wa Lubumbashi na Zambia, nikaagiza tangazo la vitenge kwa Kiingereza: tunafungua saa mbili asubuhi, tunafunga saa kumi na moja jioni. Mashine ikabeba namba zilivyo. Ukizirudisha kwetu, nafungua saa nane za usiku na kufunga saa tano usiku! Nawauzia popobawa? Na punguzo la asilimia 20 ikanitungia juu yake.

Nikanyoosha mkono. Mwalimu mwenyewe, kijana tu, akaja, shikamoo hakuna, akachungulia simu yangu akacheka watu wakisikia: "Mama, mashine haina kosa, kosa ni prompti yako." Huyoo, kwa wenye laptop. Mtoto wa kumzaa mimi!

Nyota moja, nikasema.

Ila, na hili linaniuma kulisema, kwenye daladala ya Mbagala, nimebanwa mlangoni, nikaandika upya. Sikuiita mtaalamu. Nikaielekeza kama binti mpya wa dukani: saa zetu zinahesabiwa tangu jua linapochomoza, saa moja asubuhi yetu ni saa 7 ya Kiingereza, vitenge nauza kwa doti, sikati, bei usinitungie, nisipokutajia iache. Nikabandika na meseji zangu mbili za WhatsApp iige ninavyoongea na wateja. Tangazo likatoka safi, hata mume wangu akauliza nani kaniandikia.

Kwa hiyo kijana alisema kweli? Kosa lilikuwa la prompti, ndiyo. Lakini nani alilipwa kunifundisha prompti?

Nikamwongezea nyota ya pili, nikalituma tangazo kwenye kundi la darasa kwa roho safi. Akaweka kidole gumba, basi. Juzi mwenzangu wa darasa lililofuata ananiambia wameonyeshwa tangazo la vitenge vya Kariakoo, "mfano wa mwalimu".

Nyota nimeirudisha moja.