Huduma ya kuletewa vifurushi nyumbani Mwanza: mzigo unafika upesi, ila ukikosea mlango hauna pa kurudi

Kwa muda sasa familia yetu, inayoishi Nyakato, imekuwa ikipokea vifurushi kutoka Dar es Salaam kupitia kampuni ya usafirishaji ambayo sitaitaja jina, kwa kuwa kasoro nitakazozieleza nimezisikia pia kwa majirani wanaohudumiwa na kampuni nyingine. Utaratibu wake ni ule tuliouzoea: mzigo hupakiwa kwenye basi, hushushwa katika ofisi iliyo karibu na stendi ya Nyegezi, kisha kijana wa bodaboda huuleta hadi mlangoni baada ya kupiga simu. Kwa upande wa kasi sina lawama hata kidogo. Kitu kilichokabidhiwa Dar es Salaam jioni mara nyingi hukipata kesho yake au keshokutwa, vyombo vya kioo vimekuwa vikifika vizima, na vijana wanaoleta wana adabu, hawagombani na mtu kuhusu chenji.

Hata hivyo, zaidi ya mara moja tumeletewa mizigo isiyo yetu, na hapo ndipo huduma hii ilipoonyesha upungufu ambao mteja wa kawaida hawezi kuuona hadi umfike.

Mzigo ulionifanya niandike ulikuwa boksi zito lililozungushiwa selotepu ya kahawia, lenye maandishi ya kalamu ya wino mzito. Mpokeaji alikuwa ameandikwa kwa jina la mtoto wake, kama tunavyoitana mitaani, na chini yake neno moja tu: Nyakato. Namba ya simu ilikuwepo, lakini tarakimu mbili za mwisho zilikuwa zimelowa na kufutika. Kijana wa bodaboda alikuja na kuuliza, "Shikamoo mama, wewe si ndiye mama fulani?" Binti yangu mkubwa ana jina hilo hilo, kwa hiyo nilimjibu kwamba jina ni langu lakini mzigo sikuuagiza. Akasema ofisini wamemwelekeza hapa, akaushusha barazani, akabonyeza simu yake na kuondoka kwa kuwa alikuwa na mizigo mingine ya kupeleka Igoma. Kubonyeza huko ndiko kulikozua tatizo lote, kwa sababu tangu dakika hiyo mfumo wao ulionyesha kwamba mzigo umepokelewa.

Nilipopiga simu ya huduma kwa wateja, nilijibiwa na mhudumu aliye Dar es Salaam ambaye alinihakikishia, kwa upole kabisa, kwamba mzigo umeshafika kwa mwenyewe. Nilimweleza kwamba mimi siye mwenyewe. Akanishauri niurudishe ofisini Nyegezi kwa nauli yangu, kisha nisubiri wathibitishe. Ofisini nako hawakuwa na fomu wala daftari la mzigo unaorudishwa na mtu asiye mteja wake. Dirisha lipo la kutuma na lipo la kuchukua, basi. Nilirudi nyumbani na boksi lile nikiwa na wasiwasi mkubwa, kwa sababu kitu cha mtu kikikaa kwako, maneno ya watu hayakawii.

Mwenye mzigo tulimpata kwa njia zetu wenyewe. Mjumbe wetu aliuliza kwa wajumbe wenzake, na ikabainika kuwa mama aliyekusudiwa anaishi upande wa Mecco, nasi tuko upande wa National. Ndani ya boksi mlikuwa na taa na betri za kuvulia dagaa, alizonunuliwa mwanawe anayevua Ukerewe, na yeye alitakiwa tu kuzipokea na kuzipandisha meli ya kwenda Nansio. Watu wa kanda hii wanajua maana ya kuchelewa huko. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa kuwa huvutwa na mwanga wa taa. Mbalamwezi ikikolea, taa haina nguvu tena na wavuvi wengi hupumzika. Taa zilizokaa barazani kwangu wakati giza linaisha zilimnyima kijana yule mavuno ambayo angeyasubiri tena hadi mwezi ufifie. Kampuni haikumlipa chochote, kwa hoja kwamba kwenye kumbukumbu zake mzigo ulifika salama.

Jambo linalonisikitisha ni kwamba kosa hili lina dawa, na dawa yenyewe imebandikwa kwenye kuta zetu. Tangu operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022, mitaa mingi ya jiji imepewa majina ya barabara, nyumba zimepewa namba, na postikodi ya tarakimu 5 inatambulisha kata. Ipo hata programu ya simu ya NaPA inayomwongoza mtu hadi kwenye nyumba. Karatasi ya kutumia mzigo ya kampuni hii haina nafasi ya namba ya nyumba wala ya postikodi. Ina jina, simu na "mahali". Nyakato si mahali pa kumtafutia mtu kwa jina la mwanawe. Kwa miaka mingi nchi hii iliishi kwa masanduku ya posta, barua ikafuatwa na mwenyewe, kwa hiyo naelewa kwamba kupeleka kitu mlangoni ni kazi changa. Lakini anayeuza huduma ya mlangoni ni lazima aujue mlango.

Kuna mizigo ya aina nyingine ambayo ni ya kutisha zaidi: ile yenye jina lako na namba yako sahihi, ila hukuiagiza. Majirani wameletewa vifurushi vya namna hiyo vya kulipiwa papo hapo, vikiwa vimefungwa, kwa masharti kwamba ulipe kwanza ndipo ufungue. Katika hili kampuni ninayoieleza inastahili sifa, maana vijana wake hawamlazimishi mtu. Ukikataa, wanaondoka na mzigo. Nje ya nchi nako yametokea. Mwaka 2020 watu katika majimbo mengi ya Marekani walipokea pakiti za mbegu wasizoziagiza, nyingi zikionekana kutoka China, na Wizara ya Kilimo ya huko ikawataka wasizipande. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba baadhi ya wauzaji wa mtandaoni hutuma vitu vya bei ndogo kwa anwani za watu ili wapate kuandika sifa za uongo kwa majina yao. Sisi tunaoishi kando ya ziwa lililovamiwa na gugumaji, mmea uliotoka Amerika ya Kusini, hatuhitaji kuelezwa kwa nini mbegu usiyoijua haipandwi.

Majina na namba hizo hupatikana wapi? Sehemu yake, naamini, hutoka kwenye stika hizi hizi. Kila boksi linalokaa kwenye kaunta ya Nyegezi limeandikwa jina kamili na simu kwa herufi kubwa, na yeyote aliye kwenye foleni anaweza kulipiga picha. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na kampuni inayoshika namba za maelfu ya watu inapaswa kuificha angalau sehemu ya namba kwenye stika.

Ningeipa huduma hii nyota 3 kati ya 5. Nitaongeza ya nne siku watakapoweka nafasi ya namba ya nyumba kwenye karatasi yao, wakamtaka mpokeaji ataje namba ya siri iliyotumwa kwenye simu yake kabla ya mzigo kuandikwa kuwa umepokelewa, na wakamtuma bodaboda wao, kwa gharama yao, kuufuata mzigo uliopelekwa kusiko. Kwa sasa nguo, vitabu na vyombo naletewa nyumbani bila hofu. Dawa za mama mkwe na kitu chochote chenye tarehe nimemwomba mtumaji aandike "achukue ofisini", nami nakifuata Nyegezi nikiwa na kitambulisho.