Hela ya ufundi kwa vitu vidogo vya gari hapa Dar, nani anakuonea na nani hakuonei

Mi naendesha IST, ile ya mwanzo yenye injini ya 1NZ, na kwa hizi barabara zetu za Goba kule ndani kitu kinachokufa kila baada ya muda ni stabilaiza linki za mbele, ukipita tuta tu unasikia kok kok kok kama kuna mtu kasahau nyundo chini ya gari. Sio ugonjwa mkubwa, ni kachuma kafupi kenye bolti huku na huku, lakini kwa ajili ya hako kachuma na mambo mengine ya kawaida, breki pedi, oili, plagi, nimeshapita gereji za kila aina humu mjini. Leo naongelea hela ya ufundi maana kila siku nasikia watu wanalalamika "fundi kanipiga elfu 20 kwa kazi ya dakika kumi".

Maoni yangu ni kwamba ufundi wa vitu vidogo Dar ni rahisi mno, na huo urahisi ndo unatuumiza. Fundi naye ana watoto, ana kodi ya sehemu, ana saidia fundi wawili wanasubiri hela ya kula, sasa asipoipata kwenye ufundi unadhani ataitafuta wapi kama sio kwenye spea zako?

Nianze na gereji ya kishua, jina naliacha. Chini vigae, kuna chumba cha kusubiria chenye AC na televisheni, chai ya bure, mafundi wana ovaroli zinazofanana. Nilipeleka gari kwa vitu vitatu, mlio wa mbele, pedi za mbele zilikuwa zimeisha, na oili ilikuwa imefika muda wake. Baada ya kama nusu saa nikaletewa karatasi ya makadirio. Ufundi wa linki mbili elfu 30. Ufundi wa pedi elfu 25. Oili na filta elfu 20. Kupima na mashine elfu 30. Kubadili plagi elfu 20, kusafisha throto (kile kilango cha kuingizia hewa kwenye injini) elfu 25, halafu mwisho kabisa kuna mstari umeandikwa "vifaa vya kazi" elfu 10. Jumla laki moja na 60, na hapo hujanunua hata nati.

Sasa twende taratibu kwenye hiyo karatasi maana ndo shule yenyewe.

Kupima na mashine. Ile skana inachomekwa pale chini ya dashibodi inaongea na kompyuta ya gari, inakwambia habari za injini, sensa za ABS, eabegi, vitu vyenye waya. Linki haina waya. Linki ni chuma na mpira na grisi, ikilegea mashine haijui kitu, unaijua kwa kupiga jeki ukaishika kwa mkono ukaitingisha, au ukapita nayo kwenye tuta. Taa ya injini kwenye gari yangu haikuwa imewaka kabisa. Kijana alichomeka, akaangalia, akachomoa, elfu 30. Kama gari inamisi, yaani injini inakatakata, au taa imewaka hapo sawa nitalipa na wala sitabisha, maana kusoma zile namba za kosa mashine inazotoa ni jambo moja na kujua kwa nini imetokea ni jambo lingine, huo ni utaalamu. Lakini kwa mlio wa chini hapana jamani.

Halafu linki na pedi. Hapa ndo wengi wanapigwa bila kujua. Ukishapiga jeki ukafungua tairi la mbele, linki unaiona hapo hapo pembeni ya shokapu, na kalipa ya breki, ile inayoshika pedi, iko mbele ya macho yako. Kufungua tairi na kulirudisha ni sehemu kubwa tu ya kazi, kwa hiyo kama nalipia pedi, ile linki nalipia nati zake mbili tu, sio jeki upya na wili spana upya. Hata kule kwenye makampuni makubwa ya magari ambako kila kazi ina muda wake kwenye kitabu na unazidishwa na bei ya saa, kazi mbili zinazofunguliwa pamoja muda wake unapunguzwa. Nikamuuliza dada wa mapokezi, "Dada, kwani tairi mnalifungua mara mbili?" Akacheka, "Mfumo ndo unavyotoa bei dada'angu, kila kazi na bei yake."

Nikaomba kuongea na msimamizi, kaka mmoja mstaarabu sana, nikamwonyesha na kalamu. Kupima akakifuta. Linki akaitoa elfu 30 akaweka 15. Plagi na throto nikamwambia sijaleta gari kwa ajili hiyo na inawaka vizuri, akavifuta pia. Vile "vifaa vya kazi" akavigomea, eti ni matambara na grisi na dawa ya kusafishia breki, haya bana. Ikabaki elfu 70. Kutoka 160 mpaka 70 bila mtu kupandisha sauti. Ndo uniambie ile ya kwanza ilikuwa bei ya nini.

Ila haki yao niwape. Kwenye ile 70 kuna VAT ya asilimia 18 ndani yake, yaani elfu kumi na kitu inaenda TRA, na risiti ya EFD nilipewa bila kuomba. Pedi hawakuchomeka tu wakafunga, walitoa zile pini za kalipa wakazisafisha wakazipaka grisi mpya. Hiyo ukiiruka pini zinakwama na pedi ya upande mmoja inaisha kabla ya mwenzake, baada ya miezi unarudi kununua pedi unadhani ni feki kumbe hazina kosa. Na wana garantii ya ufundi ya mwezi, nilirudi kwa mlio mdogo wa kulia wakakaza nati, hawakunidai hata mia. Kwa kiwango hicho elfu 70 naona ni haki kabisa.

Gereji ya pili ni ya mtaani, chini ya mwembe, unazijua, kuna gari zimekaa juu ya mawe tangu hatujui lini na kibao kimeandikwa kwa mkono. Hapa ufundi wa linki moja ni elfu 5. Elfu 5! Pedi elfu 10, oili unampa kijana chochote. Mtu anasikia hivyo anakimbilia huko mbio. Sasa subiri ufike kwenye spea. Fundi anakwambia, "Dada, tulia hapa hapa, mi nakufuatia og, orijino kabisa, Kariakoo, moja elfu 45." Mi siku hiyo nilikuwa na muda nikasema nitafuata mwenyewe, uso ukabadilika kidogo. Nikaenda upande wa Gerezani, duka la kwanza nikauliza linki ya IST chapa ya 555, elfu 28, la pili 25. Na yule muuzaji wa pili akaniuliza kwa upole kabisa, "Risiti niandike ngapi?" Kashazoea watu wa kutumwa. Yaani kwa linki mbili tu kulikuwa na elfu 40 ya cha juu imekaa pale inanisubiri, wakati ufundi wote ni elfu 10. Ukijumlisha unakuta gereji ya chini ya mwembe na gereji ya vigae mnakutana hapo hapo, tofauti ni kwamba huku hukupewa chai.

Na mi simlaumu fundi peke yake. Sisi wateja ndo tumewafundisha. Ukimtajia mtu ufundi elfu 20 anapandisha sauti mpaka jirani anasikia, ila ukimwambia spea laki na 20 anatoa simu anatuma hela bila swali, kwa sababu spea anaishika mkononi na ujuzi hauonekani. Kwa hiyo fundi anahamishia hela pale ambapo hatupigi kelele. Nimewahi kumwambia fundi mmoja hivi hivi, "Kaka, spea naleta mwenyewe, ufundi nakupa elfu 15 kwa kila linki", badala ya 5 yake, akaniangalia kama namtega. Lakini alifanya kazi safi na linki nzee akanirudishia bila kuomba, na hiyo ya kurudishiwa spea ya zamani ni muhimu, ukiipewa mkononi unajua kweli kimebadilishwa.

Tatu ni fundi wa kuja nyumbani. Huyu alikuja kwa kaka'angu Jumapili kwenye Raum, kazi ile ile, linki mbili na pedi za mbele, spea tulishanunua. Kwenye simu alisema, "Kazi yote ya mbele nipe elfu 35 na nauli ya boda." Bei moja, hamna mistari. Kaka akasema ghali, dakika ishirini tu hiyo. Nikakaa kwenye ndoo nikaangalia. Upande wa kulia kweli, ulikuwa rahisi, nati zimetoka kama zimefungwa jana. Upande wa kushoto ndo kasheshe. Nati imeshika kutu, ukizungusha spana na kile kibolti cha katikati kinazunguka nayo, hakifunguki, inabidi ukizuie na alenki, ile spana ya pembe sita, pale kwenye tundu lake, na lile tundu lilishaliwa na fundi aliyepita, alenki inateleza tu. Akapulizia dawa ya kutu akasubiri, akajaribu na praiz, ikagoma, mwisho akalala chini kwenye mchanga akaikata kwa msumeno wa chuma, taratibu asije akajeruhi mpira wa ekseli uliopo karibu pale, maana ukitoboka huo grisi inamwagika na joint inafuata. Jasho mpaka shati limeganda mgongoni. Mwisho wa siku saa moja na zaidi kwa upande mmoja tu, na hela ni ile ile 35, hakuongeza. Kaka hakusema tena neno ghali, akamwongezea na soda.

Hiyo ndo shida ya kupimia ufundi kwa dakika. Mwenye bahati kwa dakika kumi analipa bei ya wastani, na mwenye kutu naye analipa hiyo hiyo. Mi naona sawa, mradi bei imetajwa kabla spana haijagusa gari. Kinachokera ni yule wa "tutaongea tu boss, usijali", halafu kazi ikiisha ndo anataja namba na funguo anazo yeye.

Kingine tuwe waelewa, gari sio sawa. Plagi za IST au Passo mfuniko wa juu unatoka, koili unachomoa, umemaliza, elfu 10 inatosha na kijana ametabasamu. Lakini mwenye Forester akikwambia amelipa elfu 40 usimcheke, injini ya Subaru imelala, plagi ziko ubavuni zinaangalia chasisi, inabidi utoe boksi la hewa na betri ndo mkono uingie. Harrier ya V6 ndo usiseme, zile plagi tatu za nyuma zimejificha chini ya manifodi ya hewa, lazima uitoe na gasketi zake. Noah zile za kizamani injini iko chini ya siti. Kwa hiyo kabla hujamwita fundi mwizi uliza kwanza gari gani.

Oili mi sikuizi silipii ufundi kabisa. Sehemu nyingi wanazouza oili ukinunua kwao wanakubadilishia bure, na IST inakula lita 3.7 ukibadili na filta, kwa hiyo dumu la lita 4 linatosha na chenji inabaki. Wewe angalia tu wasikuwekee ile nzito ya 20W-50 kwa sababu ndo iliyopo, omba 5W-30 na simama hapo hapo wakifungua kizibo.

Wengine wanasema serikali iweke bei elekezi, mbona EWURA wanatangaza mafuta kila mwezi na nauli LATRA wanapanga. Sioni ikiwezekana, petroli ni petroli, ila nati yenye kutu na nati isiyo na kutu utaziwekea bei gani moja? Afadhali hiyo nguvu iende VETA vijana wengi zaidi wapate vyeti, mtu ajue anamlipa nani.

Kwa nyota basi, gereji ya vigae naipa 3 kati ya 5, kazi nzuri ila ile karatasi ya kwanza imewaponza, ukienda nenda na kalamu. Ya chini ya mwembe 2, ukibeba spea zako mwenyewe inapanda mpaka 3 na nusu. Fundi wa nyumbani 4, ingekuwa 5 ila akikwambia anafika saa nne asubuhi we pika tu chakula cha mchana, atakukuta unakula.