Safari ya Kifahari ya Wanyamapori: Mahali Ambapo Fedha Inafanya Kazi Yake

Mtu anayejiandaa kutumia fedha nyingi ili atazame wanyamapori barani Afrika huanza, mara nyingi, kwa kulinganisha picha: beseni la kuogea lililowekwa barazani, bwawa la kuogelea linalotazama bonde, kitanda chenye chandarua cheupe. Picha hizo zinafanana kuanzia Kenya hadi Botswana, na ndiyo maana hazimsaidii mnunuzi kuamua. Tofauti ya kweli kati ya safari ya bei ya juu na ile ya kawaida imo katika mambo matatu ambayo mpiga picha hawezi kuyaonyesha: magari mangapi yataruhusiwa kumzunguka mnyama mmoja, nani ameshika usukani, na saa ngapi za siku mgeni ataruhusiwa kuwa porini. Maeneo yafuatayo nimeyapanga kwa vigezo hivyo, na nimeliangalia kila eneo kwa jicho la mtu anayelipa kutoka mfukoni mwake.

Nafasi ya kwanza nazipa hifadhi za jamii zinazopakana na Mbuga ya Maasai Mara nchini Kenya, hasa Naboisho, Olare Motorogi, Mara North na Ol Kinyei. Ardhi hiyo ni mali ya Wamaasai wenyewe, ambao huikodisha kwa wenye kambi na kupokea kodi yake, huku malisho ya mifugo yakipangwa kwa zamu. Kwa mnunuzi, utaratibu huo una faida ya moja kwa moja, kwa kuwa idadi ya vitanda hufungwa na ukubwa wa ardhi, na wanaoingia ni wageni wa kambi zilizomo humo tu. Gari linaweza kuacha njia ili kumfuata duma, mgeni anaweza kutembea kwa miguu akiwa na mwongozaji, na baada ya chakula cha jioni anaweza kutoka tena kwa taa kutafuta wanyama wa usiku. Ndani ya mbuga yenyewe, ambayo ina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 1,500, hayo hayaruhusiwi, na katika miezi ya nyumbu kuvuka mto, msongamano wa magari kwenye kingo unaweza kumfanya mtu ajiulize amekuja kutazama wanyama au kutazama watalii wenzake.

Jambo jingine ambalo mawakala hulipitia haraka ni kwamba mgeni wa hifadhi ya jamii anaweza kuingia mbugani kwa kulipa kiingilio, lakini mgeni aliyelala ndani ya mbuga hawezi kuingia katika hifadhi ya jamii. Tangu 2024 kiingilio cha mbuga kwa mgeni asiye mkazi ni dola 100 kwa siku kuanzia Januari hadi Juni, na dola 200 kuanzia Julai hadi Desemba. Kwa hiyo ni busara kuitengea mbuga siku moja ndefu, mkabeba chakula na kukaa huko hadi jioni, kuliko kuingia na kutoka kila siku. Jihadhari pia na majina. Zipo kambi zenye neno Mara kwenye bango ilhali haziko ndani ya mbuga wala ndani ya hifadhi yoyote ya jamii. Omba utajiwe jina la hifadhi kwa maandishi, na uulize kama tozo yake imo katika bei.

Delta ya Okavango nchini Botswana inashika nafasi ya pili, na kama ningepanga kwa utulivu peke yake ingekuwa ya kwanza. Maji yake hutokana na mvua zinazonyesha katika nyanda za juu za Angola, nayo husafiri kwa miezi kabla ya kufika, kiasi kwamba mafuriko hufikia kilele kati ya Juni na Agosti, wakati nchi yenyewe iko katika kiangazi. Wanyama hukusanyika palipo na maji, na mgeni huwafikia kwa gari, kwa boti au kwa mtumbwi mwembamba uitwao mokoro. Botswana imeamua kwa makusudi kupokea wageni wachache wanaolipa zaidi, hivyo katika msimu wa juu si ajabu kambi ya daraja la kwanza kutoza zaidi ya dola 2,000 kwa mtu kwa usiku, mbali na ndege ndogo kutoka mji wa Maun. Nimeishusha hadi nafasi ya pili kwa sababu ya bei hiyo, na pia kwa sababu ni rahisi kununua kambi isiyofaa. Baadhi ya kambi za Delta huzungukwa na maji kabisa mafuriko yanapopanda, gari halitoki, na mtu aliyekuja na hamu ya simba na chui hujikuta akitazama ndege na vyura siku tatu mfululizo. Swali la kuuliza ni moja: mwezi nitakaofika, je, kambi itakuwa na nchi kavu ya kutosha kwa gari? Wanaopanga vizuri hugawa usiku wao kati ya kambi ya maji na kambi ya nchi kavu.

Serengeti ni ya tatu, na hapa lazima nikae kidogo, kwa sababu ndipo watu wengi hupoteza fedha kwa kosa linaloepukika. Hifadhi ina kilomita za mraba zipatazo 14,763, na nyumbu zaidi ya milioni moja huizunguka pamoja na pundamilia wakifuata mvua na nyasi mpya. Kuanzia Desemba hadi Machi huwa kwenye nyanda za nyasi fupi za kusini, kuelekea Ndutu, na Februari ndio mwezi mkuu wa kuzaa. Aprili na Mei husogea katikati na magharibi. Juni wengi huwa karibu na mto Grumeti. Julai hadi Oktoba huwa kaskazini, kuzunguka Kogatende na mto Mara. Kisha Novemba hurudi kusini. Mtu anayelipia loji ya kifahari ya kaskazini mwezi wa Februari amenunua kitanda kizuri katika nyika iliyohamwa. Simba na chui wakazi atawaona, ni kweli, lakini siyo kile alichokiota. Ndiyo maana, kwa Serengeti, kambi ya mahema inayohama mara mbili au zaidi kwa mwaka kufuata nyumbu ni ununuzi bora kuliko jumba la mawe lisilosogea, hata kama jumba hilo lina mvinyo bora zaidi. Hesabu pia kwamba ndani ya hifadhi magari hayaruhusiwi kuacha barabara, na kwamba eneo la Seronera, katikati, huwa na magari mengi mwaka mzima.

Aliyevutiwa na chui kuliko mnyama mwingine yeyote asisumbuke na niliyoyasema juu. Aende moja kwa moja Sabi Sand, Afrika Kusini, ambayo naiweka nafasi ya nne. Hifadhi hiyo ya binafsi haijatenganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Kruger kwa uzio tangu 1993, chui wake wameyazoea magari, na kila gari huwa na mwongozaji pamoja na msoma nyayo anayeketi mbele kwenye kiti cha boneti. Kwa ustadi wa kumtafuta mnyama, sijui mahali panapopita hapo. Kasoro yake ni kwamba mawasiliano ya redio kati ya magari huifanya shughuli ionekane kama imepangwa dakika kwa dakika, na nyika haina ule upana wa Afrika Mashariki. Wenye watoto wadogo na hofu ya malaria wana njia nyingine nchini humo humo: Madikwe, karibu na mpaka wa Botswana, haina malaria.

Ya tano ni Ruaha na Nyerere, kusini mwa Tanzania. Kwa thamani ya kila shilingi ningeweza kuzitetea zipande juu, maana kambi zake nzuri hutoza pungufu ya zile za Serengeti na Okavango, na mtu anaweza kumaliza asubuhi nzima bila kukutana na gari jingine. Nyerere, iliyotangazwa kuwa hifadhi ya taifa 2019 kutoka sehemu ya pori la Selous, inatoa safari za boti kwenye mto Rufiji na nafasi nzuri ya kuwaona mbwa mwitu. Kinachozishusha ni kwamba wanyama wametawanyika, joto ni kali mwishoni mwa kiangazi, mbung'o ni wengi (mavazi ya buluu iliyokolea na meusi huwavuta), na kambi kadhaa hufunga wakati wa masika.

South Luangwa, Zambia, inafunga orodha kwa sababu moja tu: ni ya wapenzi wa kutembea. Safari za miguu zimekuwa kazi ya bonde hilo tangu enzi za Norman Carr, mwanzilishi wa safari hizo, katikati ya karne iliyopita, na mgeni huenda kambi hadi kambi akiwa na mwongozaji na askari mwenye bunduki. Anayetaka kuketi garini asilipie sifa ambayo hataitumia.

Yapo mawili ambayo sikuyapanga kwa sababu ni nyongeza, wala si safari nzima. Kreta ya Ngorongoro ni ya ajabu kwa kweli, yenye sakafu ya kilomita za mraba zipatazo 260 na vifaru weusi, lakini loji zote ziko ukingoni, magari hayaachi barabara, na jioni kila mtu lazima awe amepanda kutoka kretani. Usiku mmoja unatosha. Kuwaona sokwe wa milimani (gorila) huuzwa kwa kibali: dola 1,500 Rwanda tangu 2017, na dola 800 Uganda tangu Julai 2024 kwa mgeni asiye mkazi wa Afrika. Kibali hununua saa moja tu pamoja na familia ya sokwe, katika kikundi cha watu wasiozidi wanane, wenye umri wa miaka 15 na kuendelea. Nunua kibali kwanza, kisha ndipo ufunge tarehe za kambi na ndege.

Baada ya kuchagua eneo, fedha ya kwanza ya ziada isiende kwenye chumba kikubwa; iende kwenye gari la peke yenu. Katika gari la kuchangia, mmoja anataka kumsubiri duma aamke awinde, mwingine anataka kurudi kupata kifungua kinywa, na wa tatu ameshawaona duma jana. Fedha ya pili iende kwa mwongozaji. Kenya ina chama cha waongozaji kinachotoa daraja za shaba, fedha na dhahabu kwa mitihani, na ni haki ya mnunuzi kuuliza atakayempeleka ana daraja gani. Kampuni inayojibu kwamba "waongozaji wetu wote ni wazuri" haijajibu. Fedha ya tatu inunue usiku zaidi mahali pamoja. Kila uhamisho wa ndege ndogo hula nusu siku, hivyo kambi mbili za usiku nne nne zinashinda kambi nne za usiku mbili mbili, ingawa ratiba ya kambi nne hupendeza zaidi kwenye karatasi.

Wakazi wa Afrika Mashariki waulize bei ya mkazi kabla ya kukubali chochote, kwa kuwa viingilio vya raia na wakazi viko chini sana na kambi nyingi zina bei zao tofauti ambazo hazitangazwi. Aprili na Mei, kwa kambi zisizofunga, punguzo ni kubwa, na mara nyingi anayesafiri peke yake husamehewa ile nyongeza ya kulala chumba peke yake. Mkataba uonyeshe wazi kama bei inajumuisha viingilio, tozo za hifadhi, vinywaji na ndege za ndani, pamoja na kiasi cha malipo ya awali kitakachopotea endapo utaahirisha. Bima iwe na kipengele cha kusafirishwa kwa ndege hadi hospitali, maana kutoka katikati ya pori hakuna njia nyingine ya haraka. Cheti cha homa ya manjano huanza kutumika siku 10 baada ya chanjo, kwa hiyo kisiachwe hadi wiki ya mwisho. Begi nalo liwe laini, lisilo na fremu: ndege ndogo za Afrika Mashariki kwa kawaida huruhusu kilo 15 pamoja na mzigo wa mkononi, na sanduku gumu la magurudumu hubaki uwanjani, au hulipiwa kiti chake kama abiria.